Hodi ya Papa Niru

Mume wangu Bonaventure hajui hata neno moja la Kibengali, na bado yeye ndiye anayewatafsiria watu wa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, filamu ya Kibengali. Usicheke. Kwenye banda letu la video kila mtu anajua kazi ilivyo. Picha inapita kwenye televisheni, Bonaventure anakaa pembeni na mikro yake, kile kipaza sauti, anapunguza sauti ya wenyewe na kuweka ya kwake. Wachina anawasemesha, Wahindi anawasemesha, hata ng'ombe akikatiza barabara anapewa maneno. Mimi niko mlangoni na karai langu la mandazi, nauza huku nikiwafukuza wanaotaka kuingia bure.

Filamu hiyo tuliachiwa na daktari mmoja Mbengali aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini. Alisema imetengenezwa na mjomba wake, Nirupam Majhi, mtu wa sinema na vitabu, mtu wa siasa pia. Haina rangi wala ngoma. Kuna mama, watoto wake, na baba anayefanya kazi kwenye kiwanda cha magunia. Wafanyakazi wanagoma, polisi wanakuja, baba anachukuliwa. Tangu hapo, kila jioni mama anaweka sahani ya wali karibu na mlango. Picha ya mwisho ni hiyo hiyo: sahani, mlango, na mama anageuza kichwa na kutabasamu kidogo. Halafu giza.

Bonaventure alipoitafsiri mara ya kwanza hakusita. Mama alipotabasamu tu, akagonga meza kwa ngumi na kusema kwenye mikro, "Hodi!" Banda zima likaitika, "Karibu!" Watu walitoka wanakumbatiana. Tangu siku hiyo, filamu ile bila hodi haiishi.

Na wewe niambie, Baraka hii, nani hana mtu aliyekwenda asirudi? Wakati wa vita watu walivuka ziwa kwenda kambi za Tanzania, na familia nyingi zilirudi pungufu. Baba yangu mwenyewe alipanda kwenda Fizi, kule milimani, asubuhi moja kumfuata mdogo wake, na mpaka leo. Kwa hiyo mimi pia, mbele ya karai langu, huwa naitika. Naitika kwa sauti.

Daktari alipoiona ile hodi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akatuambia ukweli: kwenye hadithi yenyewe baba alifia jela, na hakuna anayebisha hodi. Lakini hakutukataza. Aliporudi kwao akamwambia mjomba wake kwamba kule Kongo, kando ya ziwa, wavuvi wanajaza banda kuangalia filamu yake. Mzee akasema lazima aende akaone kwa macho yake. Daktari, sauti imemshuka, akatupigia simu, nikapokea mimi, Adolphine.

"Mama Adolphine, anakuja. Moyo wake ni mgonjwa. Habari ya hodi sikumwambia. Nawaomba, msimvunje moyo."

Mzee alifika kwa pikipiki kutoka Uvira, nywele zake nyeupe zimekuwa nyekundu kwa vumbi la barabara ya Mboko, anacheka. Watu wakaita "Muhindi! Muhindi!" lakini kabla ya jua kuzama alikwishakuwa Papa Niru wa wote. Alijua Kifaransa, alikisoma ujanani alipokwenda Ulaya kujifunza sinema, nami nilikipata kwa masista. Tuliongea kwa hicho. Hapa nayaweka kwa Kiswahili.

Nilimpenda, sifichi. Alikaa kwenye kigoda karibu na karai, akaviringisha mandazi na mimi, mabaya kabisa, yenye pembe badala ya kuwa mviringo. Akanieleza maisha yake. Baba aliyechukuliwa na polisi ni baba yake. Yeye alikua bila baba, akaingia chama cha wanafunzi, akafungwa, akatoka, akaandika riwaya, akafungwa tena kwa ajili ya riwaya. Filamu zake serikali iliziweka kabatini. Ile moja iliyopona aliibeba mwenyewe kwa baiskeli, na mashine yake ya kuonyeshea, kijiji kwa kijiji, ili wafanyakazi waione.

"Walilala," akaniambia. "Walikuwa wamechoka, Mama. Waliokaa macho ni maprofesa. Maisha yangu yote nimetengeneza filamu kwa ajili ya watu wenye mikono kama yako, na mikono kama yako haikunipigia makofi hata mara moja. Mpaka mpwa wangu aliponiambia habari za Baraka."

Nikageuza mandazi. Nilingoja aende kuoga, nikamvaa mume wangu, nikimwita kwa jina la mtoto wetu kama tunavyoitana nyumbani.

"Papa Merveille, na ile hodi, utafanya namna gani?"

"Nitanyamaza. Mama atacheka, mi nitanyamaza, inaisha."

"Na batu?"

"Batu banasikilizaka mi."

Ati watu humsikiliza yeye! Mwanaume akishika mikro anafikiri na mdomo wa watu ni wake.

Jumapili baada ya misa banda lilijaa hadi turubai likavimba. Papa Niru alivaa shati refu jeupe, tukamkalisha mbele, karibu na Mama Espérance muuza samaki, ambaye mume wake alivuka ziwa na hakuonekana tena. Bonaventure alifanya kazi nzuri siku ile. Wafanyakazi walipogoma, watu walisimama. Baba alipochukuliwa, bamama walilia. Mzee hakuangalia televisheni hata kidogo. Alikuwa amegeuka anaangalia nyuso za watu, na uso wake mwenyewe unang'aa. Nikasema moyoni, Mungu, ipite hivi hivi.

Ikafika sahani. Ukafika mlango. Mama akatabasamu. Bonaventure akaweka mikro chini.

Kisha Mama Espérance akageuka kwa hasira.

"Papa Bona! Unalala? Muntu iko ku mulango na we unanyamaza?"

Akapiga benchi kwa kiganja. "Hodi!"

"Karibu!" likaitika banda lote, na makofi, na vigelegele.

Papa Niru akanitafuta kwa macho hadi mlangoni. "Kwa nini wanafurahi? Wanasema nini?"

Sijui kudanganya mtu aliyeviringisha mandazi na mimi. Nikamwambia, "Wanamkaribisha baba. Hapa kwetu, baba anarudi."

Uso wake ukazimika. Akasema polepole, "Basi wanayoipenda si filamu yangu." Akatoka, akaelekea ufukweni, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Nilimfuata. Nilikwenda kumpoza, lakini yeye alianza kwa maneno makali. Alifungwa, akasema, kwa sababu alikataa kuwapa watu dawa ya usingizi, na sasa mume wangu anaigawa kwa mikro, kwa jina lake. Hapo hasira ikanipanda.

"Usingizi gani, Papa Niru? Unamjua yule mama aliyekaa karibu na wewe? Walipoongeza ushuru wa samaki bila kumwambia mtu, ni yeye aliyewazuia wenzake wasishushe hata kikapu kimoja sokoni. Alipanda juu ya meza akasema, tufanye kama batu ya magunia. Ushuru ulirudi ulipokuwa. Na jioni ile ile alikuja hapa, akaitika karibu, akalia. Yote mawili ni ya kwake. Wewe unataka achague?"

Bonaventure alikuwa amefika nyuma yetu, ameshika kofia kama mtu aliyeitwa bureau, ofisini kwa mkubwa.

"Mama Merveille, umuambie hivi. Mi sikuongopa. Luga yabo siyijue, niliangalia tu. Mama iko anacheka. Muntu hachekeake mulango butupu."

Nikamtafsiria, neno kwa neno: hakudanganya, lugha yenu haijui, ila mtu hachekei mlango mtupu. Papa Niru akageukia maji. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Yule ni mama yangu. Mama yangu kabisa. Sikuwa na mwigizaji, nikamwomba yeye akae mlangoni pake mwenyewe. Nilimwambia, tazama mlango, basi. Akautazama. Halafu akatabasamu, na mimi sikumwambia atabasamu." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Wenzangu wa chama walitaka nilikate tabasamu lile. Walisema mke wa mfanyakazi hachekei njaa. Nilikataa, tukagombana, wengine hawakunisalimu tena hadi walipokufa. Kila nilipoulizwa anachekea nini, nilijibu kwa maneno makubwa. Ukweli ni kwamba sijui. Niliogopa kumuuliza, na yeye akafa."

Kisha akamgeukia Bonaventure, akamuuliza kupitia mimi, "Kwenye filamu yako, baba anaporudi, anasema nini?"

"Hodi, tu."

"Hodi," akajaribu. "Hodi. Hodi."

Siku ya soko tukaionyesha tena. Safari hii Papa Niru hakukaa mbele. Ilipokaribia mwisho akatoka, akasimama na mimi nje ya mlango wa mbao. Ndani Bonaventure alikuwa amekwisha kuweka mikro chini na kumwinulia Mama Espérance kidole: ngoja. Nikachungulia kwenye ufa. Sahani. Mlango.

"Sasa," nikamnong'oneza.

Hakuweza. Mzee aliyewakatalia polisi na mawaziri alisimama mbele ya ubao wangu wa msonobari, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Ndani watu wakaanza kukohoa. Nikamshika kiwiko.

"Papa Niru, mama yako anakungoja."

Akagonga. Akasema kwa sauti ndogo, ya mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani:

"Hodi."

Watu wote wakageuka. Sauti haikutoka kwa Bonaventure, ilitoka mlangoni. Nikausukuma mlango, mwanga wa jua ukaingia naye. Hakuna aliyepiga vigelegele. Waliitika taratibu, kama mtu anavyoitika kwake, "Karibu," na mimi nikaitika nao, nikiwaza baba yangu na barabara ya Fizi. Mama Espérance akainuka kwenye benchi, akapita katikati ya watu, akamshika mkono.

"Karibu, Papa," akasema. "Ulikawia sana."

Alimkalisha mahali pake. Mimi nilikimbia nyumbani nikaleta wali na mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga, nikaweka sahani magotini pa Papa Niru. Alikula palepale, mbele ya watu wote, machozi yanadondokea kwenye wali, hadi ikabaki miiba. Kisha akaniinulia sahani, nami nikaenda kumwongezea.