Dereva Aliyekufa Villawood

Filamu yenyewe ilikuwa ya kimasikini, tuseme ukweli. Waingereza wanane, kamera moja, na hadithi ya madereva wa malori wa huko kwao. Wakaja kuipigia Sydney kwa sababu mwongozaji alikuwa na shemeji mwenye malori huko, kitongoji cha Villawood, na cha bure hakikataliwi. Katembo aliajiriwa kuendesha tu. Lakini siku ile, mwaka 2013, mwigizaji aliyepaswa kufa alishikwa na homa, wakamwomba Katembo afe badala yake. Akalala kando ya tairi, wakammwagia tomato sosi kichwani, akafa vizuri hata wakampigia makofi.

Binamu yake Olivier, aliyekuja kutazama, akampiga picha. Huyo mdomo haumkai, na vidole ndivyo vibaya zaidi. Akaiweka Facebook na maneno mawili: "Kwaheri kaka." Utani, ati. Utani gani huo?

Saa kumi jioni, kwao Butembo ikiwa bado asubuhi, Léocadie, dada yake Katembo, akamwandikia Olivier. Mama ameiona picha kwa jirani. Turubai limeshafungwa uani, watu wanaingia. Mama ana presha, na amekataa dawa. Hamezi kitu mpaka aambiwe mwanawe anazikwa wapi.

Katembo akampokonya Olivier simu. Akapiga mara saba, sosi ikimkaukia shingoni. Ya nane ikapokelewa.

"Mama, ni mimi, Katembo. Niko muzima."

"Olivier," mama akasema taratibu, "usijisumbue. Sauti zenu ni moja tangu utoto."

"Mama, ile ni sinema."

"Baba yenu alipokufa mlinipigia mkasema amelazwa tu, anakunywa uji. Siku tatu anakunywa uji, kumbe yuko mochwari."

Kwao ndivyo ilivyo: msiba hausemwi kwa simu. Mtu huambiwa kwanza mgonjwa anaendelea vizuri, hadi watu wafike wamshike. Kadiri alivyoapa kwamba ni mzima, ndivyo alivyozidi kufa. Atume picha nyingine? Wangesema ya zamani. Akataja kovu la goti lake, akamtaja mbuzi aliyeliwa Krismasi. Lakini Olivier alilelewa nyumba hiyohiyo, anayajua yote. Basi akalia, mtu mzima, katikati ya barabara. Mwongozaji akamnong'oneza mpiga kamera asizime.

"Usilie," mama akasema. "Haya, nimekubali. Wewe ni Katembo. Nitameza dawa."

"Kweli, mama?"

"Kweli, mwanangu."

Simu ikahamia kwa Léocadie. Zikasikika hatua, kisha mlango ukafungwa.

"Amemeza?" Katembo akauliza.

"Amekuonea huruma tu. Vidonge amenirudishia mkononi." Léocadie akashusha sauti. "Nimetoka nje, hasikii. Niambie mimi, kaka Olivier. Alikufa saa ngapi?"