Mkia Ambao Haukufungwa

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi ilikuwa na manyunyu, na sakafu ya zizi ilinata chini ya viatu.

Mdogo wangu wa kike aliingia nyuma ya daktari wa mifugo, amevaa koti jeupe lenye jina lake kifuani. Yeye ni msaidizi wa daktari. Mimi nimelea farasi humu miaka ishirini na miwili, na pamoja na mvi zangu zote bado nahudhuria masomo ya jioni ya afya ya wanyama. Mungu anisamehe, lile koti lilinichoma roho.

Ijumaa alikuwa amechukua sampuli kutoka kwa Kahawia, farasi jike aliyepandishwa misimu mitatu bila kushika mimba. Alipitisha kijiti cha pamba mpaka kwenye mji wa mimba bila kuufunga mkia bendeji. Alipokitoa, mkia ukakigusa. Niliona, nikanyamaza. Jioni nilipiga magoti nikaomba aumbuke.

Sasa daktari alikuwa akisoma majibu. "Vijidudu vimeota kibao. Mji wa mimba una uvimbe tena."

Mwenye farasi, aliyesimama mlangoni mwa zizi, akashusha pumzi. "Nimetibu hadi nimechoka. Kesho achukuliwe na lori la machinjioni."

Mdogo wangu akanigeukia. "Kaka, mbona umenuna kama umelamba ndimu? Au msomi wa jioni ana neno?"

Wakacheka. Nafasi niliyoiombea ndiyo hiyo. Lakini Kahawia alinilalia begani, pumzi yake ya moto shingoni mwangu, nikaionea haya sala yangu.

"Daktari, kwenye hadubini zilionekana chembe za usaha?"

Akafunua ukurasa wa pili. "Hakuna hata moja."

"Uvimbe wa kweli huja na usaha. Basi huenda vijidudu hivyo ni uchafu wa nje. Mkia haukufungwa, ukagusa kijiti. Nilikuwepo."

Mdogo wangu akashusha macho, kisha akayainua. "Umejua tangu Ijumaa, kaka?"

"Nilikuonea wivu."

Hakuna aliyecheka. Mwenye farasi akasema, "Rudieni kipimo. Lori lisubiri."

Daktari akanipa bendeji. Nikaufunga mkia, mdogo wangu akanawa na kuvaa glavu mpya. Kabla hajaanza, nikamshika kiwiko.

"Mbele ya Mungu, daktari na mwenye farasi: nikiona umekosea, mdogo wangu, nitakwambia palepale, hata kama nimenuna."