Mtihani wa Mama Halo

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpokea simu wa ofisi moja kubwa, na wenzake walimzoea kwa jina la Mama Halo. Siku mafundi walipong'oa mitambo yake ya simu na kupachika visanduku vyenye taa za kijani, mkuu wake alimwita akamweleza kwa upole kwamba kazi bado ipo, ila sasa ni ya mtandao wa kompyuta, na anayeitaka sharti akasome. Mama Halo alikuwa na miaka arobaini na saba. Akapiga moyo konde, akajiandikisha chuo kikuu.

Akawa anatoka kazini saa tisa, hoi, anaingia darasani na vijana wanaolingana na wanawe. Somo liliitwa Misingi ya Mtandao, lakini yeye hakuona msingi wowote wa kukanyaga. Waya hazikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni anwani. Kila kompyuta ina anwani yake ya tarakimu, mwalimu alisema, na kompyuta za mtandao mmoja huongea zenyewe kwa zenyewe. Za mitandao miwili haziongei mpaka kila moja ioneshwe lango la kutokea. Mama Halo aliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, na akifika nyumbani hakumbuki hata nusu.

Huko nyumbani mwalimu wake wa pili alikuwa kitinda mimba wake, binti wa mwaka wa tatu katika chuo hichohicho, mwepesi wa hesabu na mwepesi wa kukereka. Alimfundisha jikoni, mama akimenya viazi. Binti alipolalamika kwamba jambo hilohilo alilieleza jana, mama alimjibu kwamba kichwa cha jana alikiacha kazini.

Siku ya mtihani wa vitendo, chuo kiliwatumia wanafunzi wa mwaka wa tatu kusimamia maabara. Binti alimwomba mwalimu ampeleke chumba kingine, akaambiwa watu hawatoshi, na kwamba yeye ataangalia wasiibiane tu, maksi atatoa mwalimu.

Kazi ilikuwa kuunganisha kompyuta nne katika mitandao miwili, kisha zitumiane ujumbe. Mama Halo alifunga waya upesi kuliko wote. Akaingiza anwani, akazihakiki, akatuma ujumbe. Haukufika. Akapapasa waya moja moja, akatuma tena. Kimya.

Binti alipita nyuma yake akasimama. Kwenye skrini, mahali pa kuandika lango palikuwa patupu. Mama akatupa jicho nyuma, na kwa namna uso wa mwanawe ulivyobadilika akajua kosa limeonekana. Alichohitaji ni neno moja. Binti akageuka, akaenda dirishani, akampa mgongo mpaka muda ukaisha.

Mama Halo alipata thelathini na nane. Kufaulu ni arobaini.

Jioni hiyo binti hakula. Mama alimfuata chumbani, akaketi kitandani kwa kishindo cha mtu aliyechoka.

"Nilikuona ukiona," alisema.

"Lilikuwa lango, mama. Uliliacha tupu."

"Sasa nimejua."

"Ningekohoa tu huku nikipatazama, ungejua palepale."

"Ungekohoa, ningefaulu. Halafu kila nikikaa kwenye ile kazi, ningekuwa nasikia kikohozi chako."

Binti akacheka huku analia. Mama hakucheka. Ukweli usemwe, alikuwa na kinyongo, na kilimkaa moyoni siku mbili tatu kabla hakijayeyuka. Siku ya nne alimenya viazi na kumwambia binti aanze upya, polepole, kama anamweleza mgeni.

Baada ya wiki tatu alirudia mtihani, akapata hamsini na moja. Hakuna aliyempigia makofi. Ofisini alipewa chumba kidogo chenye baridi, kabati moja la chuma lililojaa waya, na barua ya kumtaarifu kwamba mwaka ujao kuna somo la pili, refu kuliko lile la kwanza. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mkobani. Kisha akavua viatu, akaketi, akaacha miguu ipoe sakafuni, asiwaze kitu chochote.