Kuchunga Sukari

Duka la unga wa lishe lilikuwa jeupe mno. Makopo yalipangwa toka sakafuni hadi darini, na mwanga wa taa ulivyoyapiga, mwokaji alihisi ameingia ndani ya gunia la unga, kisha mtu akalifunga mdomo taratibu. Hakuogopa. Kwa miaka arobaini alikuwa amevuta hewa ya namna hiyo.

Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mizani. Watu walimwita Babu Hamira, maana hakuna donge lililowahi kumgomea kuumuka. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akinywea, na mkanda wake ulikwisha tobolewa matundu mawili mapya. Binti yake alisimama mbele ya rafu akisoma lebo moja moja, midomo ikicheza.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amewaambia bila kumung'unya maneno. Figo ni nzima, ila sukari iko juu na misuli inayeyuka. Mzee ale protini zaidi, na achunge sukari. Tangu hapo ulikuwa umepita mwezi, na vipimo vya jana vilikuwa vibaya kuliko vya mwanzo. Binti alikuwa na hofu moja tu, akaitamka njiani.

"Baba, mama tumemzika juzijuzi. Mimi mwaka huu sitaki kuzika tena."

Muuzaji, dada mchangamfu mwenye miwani, alishusha makopo mawili. "Hili ni la protini ya maziwa. Hili la njegere, kama maziwa yanamchafua tumbo."

"Na hili lenye picha ya jitu la misuli?" binti aliuliza.

"Hilo limejaa sukari. Achana na picha, geuza nyuma usome. Orodha ya viambato ikiwa fupi, hapo pana nafuu." Akagusa vikopo vidogo vya kutia utamu bila sukari. "Hii inatokana na majani, chembe tu inatosha. Hii nyingine ukizidisha, utahamia chooni."

Maneno yao yalimfikia mwokaji kwa mbali, yakielea. Kati ya rafu alimwona marehemu mkewe akipita na aproni yake ya buluu, akigusa makopo kwa ncha ya kidole, akikagua vumbi. Hakumsemesha. Mkewe hakupenda kusemeshwa akiwa kazini.

Muuzaji alimtilia unga kidogo kiganjani. "Onja, mzee."

Aliusugua kwa kidole gumba. "Una madonge huu. Haukuchungwa."

"Hapo kwenye kuchunga ndipo penyewe," binti alitania. "Muuguzi si alisema uchunge sukari?"

"Naichunga kila asubuhi. Mara mbili."

Muuzaji alicheka. Binti hakucheka.

"Unaichunga na nini, Baba?"

"Na chungio la mama yako."

"Halafu?"

"Halafu naitia kwenye chai. Vijiko vinne. Inakuwa laini sana."

Mwokaji angeweza kujificha ndani ya neno lile. Kwake yeye kuchunga ni chungio na mkono, na vumbi jeupe likishuka mezani. Nani angemlaumu mtu wa tanuri kwa kusikia lugha ya kazi yake? Mwezi mzima kisingizio hicho kilimtosha. Lakini binti alikuwa akimtazama bila kupepesa, na uso ulikuwa wa mama yake hasa.

"Siku ya kwanza nilikosea kweli," alisema. "Siku ya pili nilishajua muuguzi alichomaanisha."

"Sasa kwa nini?"

"Nikichunga, mama yako anakuja. Anasimama upande wa pili wa meza, kama zamani. Sukari ikiisha kushuka, anaondoka." Alijifuta kiganja kwenye suruali. "Nikaona, kama ndiyo njia ya kumfuata, basi ni njia tamu."

Binti aliketi sakafuni palepale, akalia bila kujificha. Muuzaji aligeukia rafu, akawa anapanga makopo yaliyokwisha pangwa.

"Na mimi, Baba?" binti aliuliza. "Mimi nitachunga nini ili wewe uje?"

Mwokaji alitazama kati ya rafu. Hapakuwa na mtu, na safari hii hakumtafuta. Alikuwa na aibu, aibu ya mtu aliyeacha mkate wa mwenzake ukaungua huku yeye anaota.

Muuzaji alikohoa kidogo. "Hili la maziwa lina kopo dogo na kubwa. Dogo ni la wiki mbili hivi. Kubwa linakwenda miezi mitatu."

Binti alijifuta pua, akanyoosha mkono kuchukua dogo.

"Liache hilo," mwokaji alisema. "Nipe kubwa."

Akainuka, akalipokea mwenyewe kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, akalishika.