Visanduku Tisa Vitupu

Mama Chapa alikuwa mtu wa kumbukumbu. Miaka thelathini na mmoja alipiga chapa katika ofisi moja, akaandika barua za mabosi sita waliopishana, na mpaka leo ukimtajia bosi yeyote kati yao atakwambia alikuwa anakosea neno lipi na kosa akimsingizia nani. Jina hilo alipewa na majirani, naye akalipokea bila kinyongo. Sasa mtu wa namna hiyo akiambiwa na watoto wake kwamba ameanza kusahau, naye mwenyewe akaanza kuamini, hapo hakuna mzaha tena.

Mambo yalianza na dawa ya presha. Kidonge kimoja kila siku, saa mbili asubuhi, baada ya chai. Binti yake wa mwisho, ambaye ana watoto wawili na bado anaitwa Kitinda, alitengeneza jedwali kwenye simu: tarehe upande huu, kisanduku upande ule. Jedwali lilikuwa moja, lakini lilionekana kwenye simu ya Mama, kwenye simu yake, na kwenye simu ya kaka yake Mkubwa. Mama akimeza kidonge anagusa kisanduku, tiki inatokea, na wanawe huko makazini wanashusha pumzi. Mama Chapa alilipenda jedwali lile. Alisema ni kazi safi, haina wino wa kuchafua vidole.

Wiki ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili, saa sita mchana, Kitinda akapiga simu.

"Mama, leo umesahau dawa."

"Nimekunywa, mwanangu. Na tiki nimeweka."

"Hebu angalia, Mama. Kisanduku kitupu."

Akaangalia. Kitupu kweli. Sasa ufanyeje? Unakumbuka umemeza, unakumbuka maji yalikuwa ya baridi, unakumbuka hata kugusa kioo cha simu, na kisanduku chenyewe hiki hapa hakina kitu. Mwenye macho haambiwi tazama. Mama Chapa akajiambia kwamba huenda asubuhi anayoikumbuka ni ya jana, maana ukishastaafu asubuhi zote hufanana, akameza kidonge kingine. Alitaka kuweka tiki, Kitinda akamzuia. "Kiache hivyohivyo, tujue umesahau mara ngapi." Jioni kichwa kikawa chepesi, akaenda kitandani akishika ukuta.

Ikatokea tena, na tena. Mwezi ulipokwisha visanduku vitupu vilikuwa tisa, kopo la vidonge lilikuwa limepungua kuliko hesabu ya siku zenyewe, na Mama Chapa alikuwa ameanguka bafuni mara moja. Mungu bariki aliangukia kapu la nguo chafu.

Presha haikumtisha. Wala kufa hakukumtisha sana. Kilichomkosesha usingizi ni mama yake mzazi, aliyeondoka duniani kwa njia hiyohiyo. Alianza kusahau funguo, akaja akasahau majina, na mwisho akawa anajikunyata kila binti yake anapoingia chumbani, akiuliza huyu mwanamke amefuata nini hapa. Mama Chapa alimuuguza miaka minne. Anaijua njia ile kila kona, na sasa aliona miguu yake mwenyewe imeshaikanyaga.

Jumamosi asubuhi wanawe wakaja pamoja, nao wakija pamoja bila sikukuu ujue kuna neno.

Mkubwa ni fundi seremala, ana karakana yake, na umbo lake ni kama la makabati anayoyatengeneza. Sauti nayo ni ya mtu aliyezoea kushindana na msumeno. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi, akaanza bila hata kusubiri chai.

"Mama, mgonjwa haulizwi uji. Utahamia kwangu. Chumba nimeshakipaka rangi, na kitanda nimekichonga mwenyewe."

"Ghorofa ya nne," Mama akasema.

"Ngazi tutapanda pamoja."

"Na nyumba yangu?"

Mkubwa akatazama sakafu. Kitinda akaitazama dari, ambayo haikuwa na la kumsaidia. Wote wawili walikuwa wamelia njiani, ilionekana machoni, na hilo ndilo lililomvunja Mama Chapa nguvu. Angekuwa na watoto wakorofi angegombana nao. Hawa walimpenda, na walikuwa na ushahidi.

Ushahidi wenyewe Kitinda aliuweka mezani. Alifungua kompyuta yake, jedwali likatokea kubwa, safu nzima ya mwezi mmoja, na vile visanduku tisa alikuwa amevitia rangi ya njano. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Chapa kuliona jedwali mahali pengine zaidi ya kwenye kioo cha simu. Akavuta kiti. Akakaa mbele yake kama alivyokuwa akikaa mbele ya mashine, mgongo wima.

"Hiki kitu chenu," akauliza, "hakitunzi rasimu?"

"Rasimu gani, Mama?"

"Sisi ofisini hatukuwa tunatupa rasimu. Bosi akikata neno, anaweka sahihi yake pembeni na saa. Kesho akija juu kwamba hakuandika hivyo, namtolea karatasi yake mwenyewe, anainama. Ninachotaka kujua ni kimoja. Hapa niliweka tiki ikafutika, au sikuweka kabisa? Kama sikuweka kabisa, nafunga mizigo leo hii na hamtasikia neno langu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini chini ya meza mikono yake ilikuwa imeshikana. Alishajua jibu analoliogopa.

Kitinda akakuna kichwa. Historia ya mabadiliko ilikuwepo, akasema, ila hakuwahi kuifungua, maana mabadiliko yenyewe ni ya nini kwenye jedwali la kidonge kimoja? Akabofya kisanduku cha kwanza cha njano, akachagua historia yake, na pembeni pakafunguka kijidirisha chenye mistari miwili. Akasoma kwa sauti.

"Mama. Saa mbili na dakika nne asubuhi. Ameweka tiki."

Akainua macho kumtazama Mama.

"Endelea," Mkubwa akasema.

"Kaka. Saa mbili na dakika kumi na tisa. Ameondoa tiki."

Akabofya cha pili. Mama ameweka, Kaka ameondoa. Cha tatu vilevile. Kufika cha tano, sauti ya Kitinda ilikuwa imebadilika, na kufika cha tisa alikuwa amegeuka kumtazama kaka yake kwa macho ambayo Mama hakuwahi kuyaona tangu wawili hao wakiwa wadogo wakigombania godoro. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo uso wake ulivyosema. Chumba kimepakwa rangi, kitanda kimechongwa, na tiki zinafutwa.

"Kaka, kwa nini?"

"Kwa nini nini? Mimi sijafuta kitu maishani mwangu."

"Jina lako hili hapa. Mara tisa."

"Naweka tiki mimi! Nawekea Mama tiki. Si ulisema mwenyewe, anayeongea na Mama kuhusu dawa aweke tiki? Nikitoka nyumbani nampigia, namuuliza umekunywa, ananiambia nimekunywa, nikikata simu naweka tiki yangu. Mchana ukiniambia kisanduku kitupu, nadhani umeifuta wewe baada ya kujua hakunywa. Siku nikichelewa kazini simpigii. Tazama."

Akatoa simu mfukoni, akainyoosha mbele yake mkono mzima, akakaza macho, kisha akashusha kidole gumba kwenye kisanduku cha siku hiyo. Kidole cha fundi seremala kinatosha kufunika visanduku vitatu. Kilipoinuka, tiki aliyoiweka Mama asubuhi ile haikuwepo tena, si kwenye simu yake wala kwenye kompyuta. Mkubwa alikuwa tayari anairudisha simu mfukoni.

"Umeona?" akasema, kwa fahari. "Nimeweka."

Kitinda alizungusha kompyuta polepole mpaka kaka yake akakiona kisanduku, kitupu kabisa. Akakigusa yeye, tiki ikaja. Akagusa tena, ikaondoka.

"Ukigusa palipo na tiki, unafuta," akasema taratibu. Kisha akajishika shavu. "Na ni mimi niliyewaambia wote wawili muweke. Mungu wangu. Mama nilimwambia, na wewe nikakwambia."

Wapishi wengi huharibu mchuzi, na hawa walikuwa wawili tu. Siku tisa ambazo Mama Chapa alisahau zilikuwa siku tisa ambazo mwanawe alikumbuka kumpigia.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakunywa," Mama Chapa akasema.

"Ulikuwa unakunywa, Mama."

"Na tiki nilikuwa naweka."

"Kila siku."

"Na kizunguzungu?"

"Ni kile kidonge cha pili. Tulikupa sisi."

Kitinda hakutaka kubahatisha, akampigia muuguzi wa kliniki palepale na kumweleza yote. Muuguzi aliguna, akauliza maswali matatu, akasema Mama aje Jumatatu apimwe, kidonge kiwe kimoja tu kwa siku, na hilo jedwali libaki na mtu mmoja wa kuligusa. Wengine watazame kwa macho.

Mkubwa alikuwa bado amekaa, mikono mikubwa magotini, machozi yanamtoka bila sauti. "Mama, nisamehe. Nilikuwa nakuua kwa mkono wangu."

"Ulikuwa unanipigia simu," Mama akamjibu. "Na unahitaji miwani, mwanangu, acha ubishi."

Hapo Kitinda akaangua kicheko, cha mtu aliyebeba gunia mwezi mzima na sasa amelitua, na Mkubwa akacheka naye huku analia. Mama Chapa alihisi kitu kinafunguka kifuani, kitu ambacho hakujua kimekaza kiasi gani mpaka kilipoachia. Akaizungusha shingo. Hata hewa ya chumbani ilimwingia vizuri. Kichwa chake kilikuwa chake, kizima, na kila kilichokuwamo.

Ndipo akanyanyuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa Mkubwa.

"Hii nilikuwa naiweka chini ya mto. Wiki tatu sasa. Nilitaka niwe nimeshaiandika kabla haijafika siku ya kushindwa."

Mkubwa akaikunjua. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, safi, za mtu anayejiandikia mwenyewe wa siku zijazo. Juu kulikuwa na majina ya watoto, chini wajukuu, na mbele ya kila jina maneno machache. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa kuwa la kwanza lilikuwa lake.

"Huyu mkubwa wa mwili ni mwanao wa kwanza. Akiingia na sauti yake usimwogope. Amekuja kukuona."

Hakuweza kuendelea. Kitinda akanyoosha mkono asome yeye, lakini Mama Chapa aliwahi kuichukua. Akaichana katikati, akavipandanisha vipande, akachana tena, mpaka hakukuwa na jina lililobaki zima.

"Siihitaji," akasema, akawaita wote wawili kwa majina yao kamili, yale aliyowapa siku walipozaliwa, bila kukosea hata moja.