Maji ya Eldoret Hayafiki Mia

Katika banda letu la ndege kuna sheria moja ya Mzee Mungai, fundi mkuu wetu, ambayo haijaandikwa popote: anayefunga kifaa kipya kwenye ndege ndiye hupanda nayo siku ya kwanza. "Mkono ukijua shingo iko ndani," husema, "unakaza nati vizuri." Mimi Adongo nimetengeneza ndege miaka minne na sijawahi kupaa hata kimo cha kuku. Kwa hivyo mita mpya ya injini ilipofika, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mita ya zamani ilipima joto la silinda moja tu kati ya sita. Mwaka jana silinda nyingine, isiyopimwa, iliungua angani, na rubani wetu Lynette akalazimika kutua kwenye shamba la ngano karibu na mji wa Plateau, mshale wa mita ukiwa umetulia tuli. Alitoka mzima, lakini mimi hofu haijanitoka mpaka leo. Hii mpya ilikuja na sensa sita za kuhisi joto, moja kwa kila silinda, na kioo cha kuzionyesha zote kwa pamoja. Mimi ndiye niliyemsumbua mwenye ndege mpaka akainunua.

Kabla ya kuifunga, Mzee Mungai alitaka sensa zijaribiwe kwa maji ya kuchemka. Amefanya kazi hii Mombasa karibu maisha yake yote. Kwetu hapa Eldoret alihamia juzijuzi tu. Nikabandika sufuria nyuma ya banda, nikaunganisha kioo na betri, na maji yalipotokota nikatumbukiza sensa ya kwanza. Tisini na tatu.

"Maji inachemka kwa mia," Mzee Mungai akasema. "Weka ingine."

Ya pili, tisini na tatu. Ya tatu vilevile, na ya nne, mpaka ya sita.

"Hii kitu ni feki, msichana wangu. Rudisha kwa boksi. Siwezi weka sahihi yangu kwa mita inadanganya, na Lynette ndio anaenda nayo juu."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka kulia, kisha nikakasirika kwa kutaka kulia. Nikabaki nimeikodolea macho ile sufuria, maji yakirukaruka humo bila aibu.

Sufuria! Mama yangu anauza samaki aina ya mbuta mtaani Kapsoya, na tangu tuhame Kisumu hajaacha kuyalalamikia maharagwe ya Eldoret: yanachemka na kuchemka, yanamaliza makaa, na bado hayajaiva. Huku juu hewa ni nyepesi. Maji huanza kutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Ni hewa hiyohiyo wanayoifuata wakimbiaji wanaofanya mazoezi kule Kaptagat!

"Mzee!" nikapiga kelele. "Waongo sita hawawezi kusema uongo mmoja! Shida si sensa, ni maji!"

"Sasa maji ndio inadanganya?"

"Tuko juu sana, Mzee. Hapa haifiki mia."

"Hayo ni maneno. Nionyeshe."

Barafu. Barafu inayoyeyuka ni sifuri Mombasa na ni sifuri Eldoret. Nikadandia bodaboda mpaka Kapsoya, na mama akanichotea barafu kutoka chini ya samaki kwenye beseni lake la manjano.

"Ya nini?"

"Mita ikikubali, mama, leo jioni nitapita hapa juu na ndege!"

"Na nitajuaje ni wewe?"

Mama akafunga kopo la barafu.

"Basi wewe ndio utaniona mimi. Enda."

Niliimwaga barafu kwenye jagi la maji mbele ya Mzee Mungai, nikaikoroga, nikatumbukiza sensa moja baada ya nyingine. Sifuri. Sifuri mpaka ya mwisho! Mzee akainama, akanusa jagi.

"Inanuka mbuta," akasema. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Kumbe huku kwenu hata maji iko na haraka. Haya, funga."

Nilifunga. Kila nati niliikaza nikiifikiria shingo ya Lynette, na safari hii na yangu pia. Jioni nikaketi kando ya Lynette, ndege ikakimbia kwenye njia ya kurukia, akavuta usukani, na magurudumu niliyoyabadilisha mara nyingi yakaacha ardhi. Nilipaswa kuogopa. Nilikuwa na furaha mpaka meno yakagongana.

Lakini sikutazama nje. Nilizitazama nguzo sita za mwanga kwenye kioo, moja kwa kila silinda, zikipanda pamoja na kutulia.

"Adongo, soma," sauti ya Mzee Mungai ikaita kwenye redio kutoka chini.

Nikasoma zote sita. Ya tano ilikuwa imezidi wenzake kidogo, nikamwambia, lakini haisogei.

"Sawa. Mkishuka naweka sahihi. Sasa wacha kusoma hiyo kitu, angalia nje."

Lynette alikuwa tayari ameinamisha bawa. Chini kulikuwa na mabati ya Kapsoya, na katikati ya barabara mtu mmoja aliyeinua beseni la manjano kwa mikono yote miwili, akilitikisa, bodaboda zikimkwepa. Nilipunga mkono, kisha nikapunga yote miwili, ingawa nilijua hawezi kuniona.