Mlima Kwenye Sinia

Mzee Elkana alikuwa na cheti kimoja tu cha kujivunia, nacho alikipata akiwa na miaka sitini na minane: jiografia ya milima, wiki kumi na mbili, kila Jumanne jioni, alama sabini na moja. Alikitia kwenye fremu akakitundika sebuleni, Wembley, juu kidogo ya picha ya harusi. Mkewe, Mwende, alikishusha mara tatu. Kilipanda tena mara tatu.

Jumamosi hiyo asubuhi Mwende hakuwepo. Alikuwa Uskoti na akina mama kumi na mmoja wa kanisa, kwa maombi ya mlimani. Kwao Machakos watu hupanda mlima, hufunga, huomba, hushuka na njaa na vumbi, basi. Pasta Kibet hakuona tofauti. Mlima ni mlima. Alikodi basi dogo akachagua Februari kwa sababu hoteli ni za bei nafuu. Mfungo wenyewe ulikuwa na chupa tatu za chai.

Elkana alivaa miwani akasoma taarifa ya maporomoko ya theluji kwenye simu. Hatari daraja la nne kati ya matano. Dhoruba ilikuwa imemwaga theluji siku mbili, upepo ukitoka kusini-magharibi. Akampigia Mwende simu ya video.

"Mama Lydia, mnapanda upande gani?"

"Usianze. Kaskazini-mashariki. Pasta ametutafutia mahali palipotulia, hata upepo haufiki."

Elkana akainuka kitini. "Hapo ndipo upepo unapotua mzigo wake! Theluji yote iliyopeperushwa inarundikana hapo. Usipande. Nakukataza."

Kosa. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na bado hakuwa amejifunza kuliogopa neno hilo.

"Unanikataza? Wewe uliyepotea ndani ya duka la samani ukatolewa na mlinzi?"

Uso wa Pasta Kibet ukajaa kwenye kioo. "Mzee, Bwana asifiwe! Tumeomba tangu alfajiri. Dhoruba imenyamaza."

"Dhoruba imenyamaza, Pasta. Theluji haijanyamaza. Na huo mteremko una nyuzi thelathini na nane, hata uuombee vipi."

Akina mama wakaangua kicheko. "Dakika tano," Mwende akasema, "kisha tunaondoka."

Elkana aliegemeza simu kwenye kopo la majani chai, akafungua kabati.

"Baba Lydia, hilo ni sinia langu la wageni!"

"Ndilo. Tazama." Akatandaza unga wa ngano, akaukandamiza. "Hii ni theluji ya Januari, imeshikana." Akamwaga sukari juu yake. "Baridi kali ikaifanya ya juu kuwa punje kama hizi, hazishikani na kitu." Kisha akamimina pakiti nzima ya unga, akaupigapiga kwa kiganja mpaka ukawa bapa. "Na hii ni dhoruba yenu. Imetulia, sivyo? Unaweza hata kuiimbia."

Akainua sinia upande mmoja. Hakuna kilichotokea. Akainua zaidi. Bado.

"Haleluya," alisema Pasta Kibet.

Elkana akaweka kijiko cha chai juu ya unga. "Huyu ni wewe, Mama Lydia."

Bapa likakatika kwa mstari ulionyooka, likateleza lote kwa pamoja, likavuka meza na kumwagika kwenye zulia. Vumbi lilipotua, Elkana alikuwa amepiga magoti, mweupe mpaka kwenye nyusi, akifukua kwa mikono miwili. Alifukua muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Huko Uskoti hakuna aliyecheka.

"Kijiko kiko wapi?" Mwende aliuliza.

"Sikioni."

Mwende alimtazama kidogo. "Pasta, mimi nitaombea ndani ya basi. Mungu anafika hata kwenye maegesho."

Kofia za sufi zikarudi ndani ya basi moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya Pasta, ambaye alikumbuka kwamba chai inapoa.

Jumapili iliyofuata, Pasta Kibet aliliambia kanisa jinsi Roho alivyomnong'oneza chini ya mlima asipande. Watu wakapiga makofi. Elkana akaanza kusimama, fremu ya cheti ikimchoma ubavuni ndani ya koti.

Mwende akamvuta chini.

"Kaa. Huyo Roho bado hajamaliza kusafisha zulia langu."